Mwezi ngapi? Uchambuzi wa skripti ya vijana waliokwama kisiwani

Swali lililoivunja skripti ile sikuliuliza mimi, niliyepandishwa boti kutoka Unguja kwenda kuisoma. Aliliuliza mzee mmoja mvuvi wa Wete, Pemba, babu wa mmoja wa waandishi, aliyekuwa amekaa pembeni ya baraza akitengeneza wavu wake huku mjukuu akitusomea sehemu ya tatu kwa sauti. Mjukuu alipofika pahala ambapo vijana wanavuka kwa miguu kutoka kisiwa kimoja hadi cha pili, jua likizama nyuma yao, mzee aliinua kichwa.

"Siku hiyo mwezi ngapi?"

Alitaka tarehe ya mwezi wa angani, unaohesabiwa tangu kuandama. Kimya. Mjukuu akafunua kurasa kurudi nyuma. Ikaonekana kwamba chombo kilizama usiku wa mbalamwezi, kuamkia mwezi kumi na tano, na sasa tuko siku ya tatu.

"Basi mwezi kumi na saba," mzee akahesabu. "Magharibi ya mwezi kumi na saba maji yamejaa pomoni. Hao watoto wenu hawavuki, mjukuu wangu. Wanaogelea."

Vijana wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikanyamaza, maana mzee alikuwa ameweka kidole juu ya donda ambalo mimi nilikuwa nalizunguka kwa siku mbili nzima.

Kisa chenyewe ni hiki. Waandishi wanane, mkubwa wao ana miaka 22, waliandika tamthilia ya televisheni ya sehemu nane, kila sehemu dakika 25. Vijana sita wa skuli wanakwenda safari ya baharini, chombo kinazama, wanaamka kwenye kisiwa kisichokaliwa na mtu magharibi ya Pemba. Msituni kuna mlango wa chuma. Usiku kuna taa nyekundu inayowaka na kuzimika. Kuna taasisi ya siri inayowatazama kwa kamera. Sehemu nne za mwanzo walikwisha kuwasomea watu wa mtaani, na watu wa mtaani, kwa adabu yao yote, walisema mambo mawili: haiendi, na wale watoto hawatofautiani.

Mimi niliitwa kuongeza kasi. Wenyewe walikwisha kujaribu dawa yao, nayo ilikuwa kuongeza tukio kila watu walipopiga miayo. Sehemu ya pili ikapata nyoka. Ya tatu ikapata moto. Ya nne ikapata maiti aliyetupwa na maji ufukweni, ambaye baada ya kurasa sita hakuna aliyemkumbuka, hata kumzika. Maiti asiyezikwa, vijana sita wa Kiislamu wamesimama, Pemba! Hilo peke yake lingewafanya bibi zao wazime televisheni.

Watu walipiga miayo vilevile. Nyoka akiingia na kutoka, kisha kila mmoja amebaki pale pale alipokuwa, mtazamaji anajifunza kwamba nyoka wa tamthilia hii hawaumi. Akija wa pili hatashtuka. Nilichukua sehemu ya tatu, yenye sini, yaani maonyesho, 19, nikaandika pembeni ya kila sini jibu la swali moja: nani ametoka hapa akiwa hawezi tena kurudi alivyoingia? Nilipata sini mbili. Nyingine zote ungeweza kuzipanga upya kama karata, na hadithi isingejua.

Niliwauliza wameanzia wapi. Hawakuficha. Walikuwa wametazama The Wilds, wote wanane, kwenye simu moja na kompyuta mpakato moja, na walikuwa wanaijua sini kwa sini. Basi tukaanzia hapo, kwa sababu mtu akikopa chombo cha mwenzake ni vizuri ajue kinapikia nini.

Ile tamthilia ya Kimarekani ilitoka Prime Video Desemba 2020, sehemu 10. Wasichana tisa wako ndegeni wanakwenda Hawaii, ndege inaanguka, wanajikuta kisiwani. Mmoja wao anafariki mwanzoni kabisa. Mapema sana sisi watazamaji tunajulishwa kwamba haikuwa ajali. Ni jaribio, na mwenye jaribio ni mwanamke aitwaye Gretchen Klein. Karibu kila sehemu inamchukua msichana mmoja na kuturudisha kwenye maisha yake ya nyuma, na kati kati tunawaona wasichana hao hao, baada ya kuokolewa, wakihojiwa ndani ya chumba.

Hayo mahojiano ndiyo waliyoyapenda vijana wa Wete, na ndiyo waliyoyachukua. Kila sehemu ya skripti yao ilianza kituo cha polisi Chake Chake, askari anamwuliza Raya, mmoja wa wale sita: "Tuambie, siku ya tatu kulitokea nini?" Raya anatazama meza. Kata. Bahari.

Sasa angalia kilichopotea. Ukimwonyesha Raya kituoni, mzima, kakaa kitini, umeshaniambia kwamba hatakufa. Umeninyang'anya hofu. The Wilds nayo inaninyang'anya hofu hiyo hiyo, lakini inanilipa: hao waliookolewa wamebadilika, wengine wana majeraha ambayo kisiwani hawajayapata bado, na swali linahama kutoka "watapona?" kwenda "wamefanywa nini?" Wale wanaowahoji pia wana jambo lao. Kile chumba kina hadithi. Chumba cha Chake Chake hakikuwa na hadithi, kilikuwa na meza tu. Raya ananyamaza sehemu ya kwanza, ananyamaza ya pili, ananyamaza mpaka ya saba, na ananyamaza si kwa sababu ana la kuficha, bali kwa sababu mwandishi hajaamua.

Nikawaambia wakumbuke kitendawili. Mtu anatega, mnajaribu, mnashindwa, anasema "Nipeni mji". Mnampa mji, na akishaupokea hana budi kufumbua. Hiyo ndiyo haki ya mchezo. Skripti yenu mtazamaji anaipa Mkoani, anaipa Kengeja, anaipa Konde, sehemu ya saba anamalizia Unguja yote, na bado mnamwambia "Nipe mji".

Hata hiyo ya Kimarekani haikuwa na afya siku zote, na hapa nilibishana nao kidogo maana kwao ni kama msahafu. Leah, yule msichana anayeshuku kwamba kuna mkono wa mtu, yuko sahihi tangu mapema, na sisi tunajua yuko sahihi. Mwanzo hiyo ni tamu: unamwonea huruma anavyoonekana kichaa. Lakini inarefushwa, na kuna wakati tunakaa tukimngoja Leah afike pale ambapo sisi tumeshafika tangu jana. Halafu kuna hesabu tupu. Msimu wa kwanza ulikuwa na wasichana tisa kwa sehemu 10. Msimu wa pili, Mei 2022, ukaleta kundi zima la wavulana kwenye kisiwa chao, na sehemu zikapungua kuwa 8. Watu karibu maradufu, nafasi ndogo zaidi. Wasichana tuliowajua vizuri wakaanza kupita mbio mbio mbele ya kamera kama watu wanaowahi feri. Julai mwaka huo tamthilia ikasitishwa. Sisemi ndiyo sababu ya kusitishwa, mambo ya biashara ni mengi. Nasema kwamba ukiangalia msimu ule unaona mtu ametandika jamvi la watu tisa na kualika kumi na saba.

Mmoja wa waandishi, mvulana, hakukubali. "Mwalimu, watu wanapenda mambo makubwa. Ukitoa kamera na taasisi, kinabaki nini? Watoto na minazi." Nilimwambia tuache kwanza, tutarudi. Hoja yake haikuwa ya kijinga.

Wahusika. Raya kiongozi, Kombo mwenye nguvu, Time mcha Mungu, Faki mchekeshaji, Suleiman fundi wa mitambo, Hidaya mlizi. Kila mmoja na sifa moja, imeandikwa mgongoni kama maneno ya nyuma ya daladala. Na ajabu ni kwamba hawa vijana wamesoma fasihi. Uliza mhusika bapa ni nani na mhusika duara ni nani, watakujibu na mifano, watapata alama zote. Kisha wakaandika bapa sita, watu wa sifa moja wasiobadilika. Nadhani skuli tunawafundisha kumtambua mhusika bapa kwenye kitabu cha mtu mwingine, kama daktari anayejua kupima homa za jirani tu.

Mfano mmoja niuweke karibu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na ugonjwa wote.

Sehemu ya tatu, sini ya 11. Limebaki dumu moja la maji ya kunywa, la lita tano. Wakati wa adhuhuri umeingia. Time anachukua dumu, anataka kutia udhu. Kombo analidaka. Wanavutana. Time anasema sala kwanza. Kombo anasema tutakufa kwa kiu. Hidaya analia. Raya anaamua: maji ni ya kunywa, Time atayamamu kwa mchanga. Muziki wa huzuni.

Nilimwomba aliyeiandika, msichana ambaye mwenyewe hakosi sala, aisome taratibu na anitajie kila kitu kilichopo kwenye picha. Akaanza: mchanga, mwamba, Time, Kombo, dumu, nyuma yao bahari... Akasimama. Akajifunika uso kwa mtandio. Wenzake hawajaelewa bado, yeye anacheka peke yake.

"Bahari yote ile," akasema.

Maji ya bahari yanatosha udhu. Hakuna mtoto wa madrasa asiyejua, seuze yeye anayewafundisha wadogo zake. Lakini alipokaa kuandika "mcha Mungu" hakumwandika Time, wala hakujiandika yeye. Aliandika picha ya mcha Mungu aliyoiona jangwani kwenye filamu ya watu wengine, akaileta Pemba na jangwa lake. Ugomvi ule ulikuwa na kelele, ulikuwa na machozi, na chini yake hamkuwa na kitu. Ndiyo maana haukusogeza hadithi: ugomvi wa uongo hauna pa kwenda.

Tukaubakisha udhu, tukabadilisha njia. Time anakwenda kutia udhu baharini, kama atakavyokwenda mtu yeyote. Maji yamepwa, kwa hiyo inambidi auzunguke mwamba kuyafuata. Nyuma ya mwamba, kwenye kijitundu, anaona pakacha limefunikwa kwa majani, na ndani ya pakacha mna pweza. Anarudi kusali, na anasali akijua jambo ambalo wenzake watatu hawalijui. Dakika mbili, hakuna aliyepiga kelele, na hawezi tena kurudi alivyokuwa.

Pweza wametoka wapi? Hapo ndipo ninaporudi kwa mzee na mwezi wake.

Baada ya kicheko cha kuogelea, nilimwomba mzee atupe maji ya siku zote nane. Hakuhitaji karatasi. Mwezi kumi na tano ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya kina karibu mita nne, na kwetu huku maji ya bamvua yanapwa saa nne na kitu, asubuhi na usiku, yanajaa alfajiri saa kumi na jioni saa kumi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo mwezi kumi na saba yamepwa saa sita mchana, na magharibi yamejaa. Mwezi kumi na nane bado unaweza kuvuka fungu la mchanga kwa miguu, baada ya hapo nguvu ya maji inaanguka, yanakuwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Fungu halionekani tena mpaka bamvua la mwezi mwandamo.

Nikaandika yote kwenye ubao. Vijana wakatazama ubao kama wanaiona bahari mara ya kwanza, na hawa ni watu waliozaliwa mita mia mbili kutoka majini. Skripti yao ilikuwa na bahari inayowangoja wahusika. Imejaa wanapotaka kuzama, imepwa wanapotaka kuvuka, na siku wanapotaka kutuma ujumbe kwenye chupa, chupa inakwenda yenyewe kusini mpaka Mkoani. Mkondo mkuu wa pwani hii unaelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa upepo wa kusi ndiyo unazidi. Chupa ile ingekuwa njiani kwenda Kenya.

Sasa, bila kuongeza nyoka hata mmoja, tulikuwa na saa ya ukutani. Kisiwa cha pili kinafikika kwa siku nne tu. Anayevuka siku ya nne akachelewa kurudi, amekatwa. Kwa nini avuke? Kwa sababu ya simu. Skripti ya mwanzo iliua simu zote sita kwa maji, na watu wa mtaani walilalamika hapo pia: Pemba hii hii, hamna hata mnara mmoja? Tukamwachia Suleiman simu yake, chaji kidogo, na mtandao unashika kisiwa cha pili tu. Suleiman akaacha kuwa fundi wa mitambo. Akawa kijana mwenye simu ambaye lazima aamue ampigie nani, na akimpigia mama yake itabidi aeleze yuko wapi.

Mzee hakuwa amemaliza. "Na hicho kisiwa chenu," akasema, "bamvua zima hakendi mtu?" Alikuwa na haki. Visiwa vidogo vya huku havina wakazi, lakini haviishiwi watu: wavuvi wanakwenda dago, wanapiga kambi siku kadhaa, na bamvua likipwa watu wanajaa miambani kuchokoa pweza. Mahali pa kupotelea si pengi. Kama wale vijana wameamka asubuhi ya mwezi kumi na tano, saa nne wangekuwa wanasalimiana na shangazi zao.

Palikuwa na njia mbili. Moja ni kukisogeza kisiwa mbali, mkondoni, pasipo na mtu, na hadithi ikawa ya mahali popote duniani. Nyingine aliileta msichana yule wa udhu. Katika baadhi ya shehia za Pemba (mitaa na vijiji vyenye sheha wao) mwamba wa pweza hufungwa kwa miezi kadhaa kwa makubaliano ya kijiji, ili pweza wakue, kisha siku maalumu unafunguliwa na watu wote wanaingia. Pweza anakua haraka, kwa hiyo kungoja huko kunalipa. Kamati ya wavuvi inapeleka doria. Mtu akiingia kabla ya siku, ameiba kwa kijiji kizima.

"Basi wameingia kabla ya siku," akasema.

Sikumbuki nani alipiga meza. Kila kitu kikajipanga. Kombo na Raya ndio wanaojua safari ni ya nini. Wanne wengine wanadhani ni matembezi ya mbalamwezi. Wazazi hawawatafuti kwa sababu vijana wameaga wanakwenda kambi ya masomo, wiki moja. Mwambani hakuna mtu kwa sababu umefungwa. Boti za dagaa hazipo kwa sababu ni mbalamwezi, na dagaa wa taa wanataka giza. Siku ya pili inapita doria, karibu kabisa, na Raya na Kombo hawapigi kelele. Wana waokoaji wao mbele ya macho, na wanalala kifudifudi nyuma ya mikoko.

Hiyo sini nilitamani ningeiandika mimi. Ndani yake Raya si "kiongozi" tena. Ni msichana ambaye baba yake yumo kwenye kamati. Sasa akinyamaza Chake Chake najua ananyamazia nini, na kila mara askari anapouliza nakaza misuli. Meza ile ile, kiti kile kile. Tuliyabakisha mahojiano yote, tukayapunguza urefu tu.

Na yule kijana wa kamera? Alinikumbusha kwamba nilimwahidi tutarudi. Nikamwuliza taasisi yake ilikuwa inafanya nini hasa. Inawatazama, akasema, inajua kila wanachofanya, na wao hawajui nani anatazama. Mwenzake akamkatiza: "Hiyo si shehia hiyo?" Kijana wa Pemba hahitaji kamera mtini; ana majirani. Alicheka, lakini hakuridhika, na nitamtendea haki: kuna mtazamaji wa miaka 15 ambaye anataka ule mlango wa chuma, na hadithi ya pweza haitampa. Mtazamaji huyo tutampoteza. Kijana aliomba walau taa ibaki. Ikabaki, lakini si nyekundu wala haina siri ya serikali. Siku ya sita ni mwezi ishirini, mwezi unachomoza saa nne usiku au zaidi, kabla ya hapo ni giza, na boti za dagaa zinarudi. Vijana wanaziona taa zimepangana baharini kama mji. Ni watu wa kwao. Kuita au kutoita?

Nakiri kwamba sehemu hiyo ya sita bado haijakaa. Imejaa maneno. Wote sita wanakaa mchangani na kutoa hotuba moja moja, kila mmoja anaeleza alivyokuwa nyumbani kwao, na kisengerenyuma, ile picha ya kurudi kwenye yaliyopita, kinafuatana na kisengerenyuma. Nilipendekeza wakate nusu, wakakata robo. Faki naye hatujamfikia. Bado anachekesha tu, na vichekesho vyenyewe ni vya mtu wa miaka arubaini.

Aliyebaki kunisumbua zaidi alikuwa Hidaya. Nilihesabu maelekezo ya "Hidaya analia" kwenye skripti nzima: kumi na tatu. Siku ya mwisho tulikuwa bado tunatafuta kumwondoa, tubaki na watano, maana hesabu ya jamvi na wageni nilikuwa nimewahubiria mwenyewe. Pia tulikuwa hatujajua boti imeondokaje. Wakati huo chombo hakizami tena: Kombo ametia nanga karibu na mwamba usiku, maji yamepwa, wamelala kisiwani, na alfajiri boti haipo. Sehemu nne nzima wanashukiana nani kaikata kamba. Kijana wa kamera alitaka iwe imekatwa na mtu wa nje.

Tukaenda kumwuliza mzee. Safari hii hakuwa na wavu, alikuwa anakunywa chai. Akasikiliza, akauliza nanga ilitiwa saa ngapi. Saa nne usiku, tukasema, maji yamepwa, kina cha kiunoni.

"Kamba pima ngapi?"

Tukatazamana tena, kama siku ile. Hakuna aliyekuwa ameandika urefu wa kamba.

"Kama kaitia mtu asiyejua," mzee akasema, "kaona maji ya kiunoni, katoa pima mbili, kaona zimezidi. Alfajiri bamvua limejaa, pima mbili zimekwisha, boti inainyanyua nanga na kwenda zake. Hapo hamna mtu kakata kitu." Akanywa chai. "Nani kaitia?"

Msichana wa udhu alikwisha kufungua daftari. Kombo alikuwa na haraka ya pweza, akamwambia aliyekaa mbele ya boti atie nanga. Aliyekaa mbele, kwenye ukurasa wa tatu wa sehemu ya kwanza, bila ya mtu yeyote kukusudia, alikuwa Hidaya. Asubuhi ya siku ya pili anasimama mbele ya mwamba, anaona alama ya maji ilipofika, juu ya kichwa chake, na anaelewa. Wenzake wanagombana nani kakata kamba. Yeye analia, na Faki anamfanyia mzaha kwamba huyu naye kazi yake kulia.

Jioni ile tulikaa na skripti yote tukafuta "Hidaya analia" mara kumi na moja. Tukaacha mbili: ile ya mwambani, na moja ya sehemu ya nane, ambayo bado hatujakubaliana iwe mbele ya nani.